Chicha ya nazi, je, itabeba zambarau?

Swali: Asalaam aleikum, mwalimu. Nauza juisi Likoni, karibu na feri: ukwaju, rozela, na msimu wake ukifika, zambarau. Nyumbani napika wali wa nazi wa kuuza, kwa hivyo kila siku nabaki na chicha karai zima, nawapa kuku. Juzi nimesikia kwamba nyuzinyuzi za mimea huweza kuzishika zile antioksidanti za matunda, kisha ukazitia kwenye chakula. Nikafikiria: nikiimwagia chicha juisi ya zambarau, nikaianika juu ya paa, nikaisaga, si nitapata unga wa kutia kwenye visheti na uji wa watoto? Na je, naweza kuandika kwenye pakiti kwamba unawasaidia wenye sukari, maana zambarau ni dawa ya sukari tangu zamani?

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. Wazo lako ni zuri sana. Ulipoteleza ni kwenye chicha, na kwenye paa, na kwenye visheti, na kwenye uji wa watoto, na kwenye pakiti. Usife moyo. Ukiyaondoa yote hayo bado inabaki biashara, tena pengine nzuri kuliko ile uliyoifikiria.

Kabla ya chicha, nikuulize. Ukishazikamua zambarau, yale maganda huyapeleka wapi?

Nadhani jibu nalijua, kwa sababu ndilo ninalopewa na kila muuza juisi ninayemuuliza: jaani, pamoja na kokwa. Basi siku moja chukua zambarau iliyoiva sawasawa, imenye kwa kucha, weka ganda upande huu na nyama upande ule. Nyama utaiona imepauka, uwaridi hafifu tu. Ganda ni jeusi tititi. Ile rangi ambayo Waswahili tumeipa jina la tunda lenyewe imejazana pale kwenye ganda, na unapokamua kwa kitambaa unaondoka na sehemu yake tu. Iliyobaki imeng'ang'ania. Ganda la zambarau ni nyuzinyuzi zilizokwisha kubebeshwa, bila ya wewe kuloweka wala kukoroga chochote. Unamtafutia zambarau hamali, na hamali wake umemtupa kwenye taka.

Ningeweza kuishia hapo, lakini umeuliza juu ya kubebesha, na somo lenyewe ni tamu.

Rangi ya zambarau inatokana na kundi la kemikali liitwalo anthosianini, ambazo ni tawi moja la ukoo mkubwa wa polifenoli. Rozela yako nayo ni anthosianini, ingawa si zilezile. Ukakasi wa zambarau, ule unaokufanya ulimi uwe kama umepanguswa kwa kitambaa kikavu, unatoka kwa ndugu zake waitwao tanini. Hizi zote huitwa antioksidanti kwa sababu kwenye chupa ya maabara huwahi kuchukua pigo la oksijeni kabla halijafika kwa kitu kingine. Kuna wanaoziita "viondoa sumu". Jina hilo silipendi hata kidogo, linamfanya mtu aone fagio likipita ndani ya mishipa yake. Mambo hayaendi hivyo. Zamani Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula na alama zao za ORAC, kipimo cha nguvu hiyo ya kwenye chupa. Mwaka 2012 iliiondoa orodha hiyo, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiitumia vibaya kuuzia bidhaa, na kwamba alama ya kwenye chupa haikuambii litakalotokea mwilini. Kwa hiyo mtu akikuletea unga leo akajisifu kwa ORAC, anakuuzia kwa mizani iliyokwisha kuondolewa sokoni.

Linalotokea mwilini ni hili. Ukinywa juisi ya zambarau, anthosianini kidogo tu ndizo huingia kwenye damu zikiwa nzima. Nyingi huteremka mpaka utumbo mpana. Huko ziko bakteria kwa mabilioni, na wao ndio wanaozivunjavunja kuwa asidi ndogondogo ambazo mwili unaweza kuzichukua. Sasa angalia: bakteria haohao chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi, maana tumbo letu na utumbo mwembamba haviwezi kuziyeyusha. Hamali na mzigo wake wanafika mlango mmoja. Ndiyo sababu watu wa chakula wanashughulika na jambo hili. Wengine walidhani kwamba polifenoli iliyofungwa kwenye nyuzinyuzi imepotea, kwa kuwa tumboni haitoki. Kumbe haikupotea, imechelewa kushuka tu, nayo inashukia mahali penye kazi.

Na hata ukiuweka mzigo kando, hamali mwenyewe ana faida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linamtaka mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vya asili. Mtu anayeamka kwa chai na mahamri ya unga mweupe, mchana wali, usiku chapati, kuzifikia gramu hizo ni kazi. Maharagwe na mboga za majani ndizo zitakazomwokoa.

Sasa kubeba ni nini? Hapa ndipo watu wengi huchanganya, na wewe pia umechanganya. Wewe unajua feri. Abiria anaweza kuwa ndani ya feri bila kushika chochote, amesimama tu katikati, na mwingine ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Wote wawili wamepanda. Feri ikiyumba ndipo utawajua. Ukimwaga juisi juu ya chicha ukaianika, maji yanaondoka na kila kilichokuwamo kwenye juisi kinabaki juu yake: sukari, asidi, rangi. Hicho kimepanda tu. Tia tone la maji, kinateremka chote. Halafu ile sukari iliyoganda inaufanya unga uwe mnato, unavuta unyevu wa hewa, na kwa hewa yetu hii ya Mombasa, wiki haiishi utakuta bonge.

Kubeba ninakokuzungumzia mimi ni kule kwa kushika chuma. Unaloweka nyuzinyuzi ndani ya juisi, unakoroga, unaziacha, kisha unachuja. Juisi inaondoka na sukari yake, na kwenye nyuzinyuzi inabaki rangi ile tu iliyoshikwa. Sehemu kubwa ya kushikana huku hufanyika mapema, ndani ya dakika, si lazima ulaze usiku kucha. Vinavyoshikanisha si gundi. Mahali pengine ni vivutano vidogovidogo baina ya haidrojeni na oksijeni. Pengine ni zile sehemu za molekuli zisizopenda maji, zikikimbilia kukaa pamoja. Na penye kushika zaidi kwa anthosianini ni chaji ya umeme: kwenye uchachu, anthosianini hubeba chaji chanya, na pektini, ile inayoifanya jemu igande, ina vikundi vya asidi vyenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, wala hazihitaji kufundishwa.

Kwa tanini hesabu ni nyingine: kadiri molekuli yake ilivyo kubwa ndivyo inavyoshika zaidi, maana ina mikono mingi.

Ndipo tunapofika kwa chicha yako. Nyuzinyuzi za nazi kwa sehemu kubwa ni manani (minyororo ya sukari iliyoungana) na jamaa zake, pamoja na selulosi, ile inayojenga kuta za mimea. Hizo hazina chaji ya kuvuta. Zinaweza kushika kiasi, hasa selulosi, lakini si kwa nguvu ya pektini. Na juu ya hilo, chicha imepakwa mafuta. Hata ukamue tui la kwanza, la pili na la tatu, sugua chicha baina ya vidole uone vinavyong'aa. Anthosianini ni mtoto wa maji. Ukimletea ukuta uliopakwa mafuta, hapati pa kushika.

Nililijaribu hili jikoni kwangu, kwa vitu ulivyo navyo hata wewe. Nilichukua glasi tatu, nikatia juisi ya zambarau iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu. Ya kwanza nikaitia vijiko viwili vya chicha iliyokauka. Ya pili, vijiko viwili vya ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda la chungwa, iliyochemshwa, ikakaushwa na kutwangwa. Ya tatu sikuitia kitu. Nusu saa, nikikoroga kila nikipita. Nilipochuja, juisi iliyokaa na chicha ilikuwa na rangi ileile ya glasi ya tatu, ila juu yake yanaelea macho ya mafuta kama ya mchuzi. Iliyokaa na chungwa ilikuwa imepauka, unaona tofauti bila ya kuambiwa. Kisha nikazisuuza zile nyuzinyuzi zenyewe. Chicha ilirudi nyeupe yenye uwaridi wa mbali. Chungwa likabaki na rangi yake, kama kanzu iliyomwagikiwa na juisi siku ya harusi: sugua utakavyo.

Ukirudia jaribio hili, maji ya kusuuzia yatie matone ya ndimu. Maji mengi ya visima vyetu yanapita kwenye miamba ya matumbawe, ni magumu na yana ualikali, na anthosianini ikikutana nayo hugeuka samawati na kulegea. Utadhani nyuzinyuzi zimeshindwa kumbe ni maji.

Kwa hiyo kama unataka hamali wa kuajiri, chungwa ndilo la kwanza. Viwanda vya nje hutumia makapi ya tufaha na ya jamii ya machungwa kwa sababu yamebaki tele baada ya juisi na yana pektini. Wewe tufaha huna haja nalo. Wakamua machungwa wa barabarani wanatupa maganda kwa magunia, na ukifika soko la Kongowea asubuhi utachagua mwenyewe. Yaoshe vizuri, maana dawa za shambani hukaa kwenye ganda. Paruza ile ngozi ya nje yenye rangi na mafuta, itie mahali pengine, inafaa kwa keki. Nyeupe ya ndani ikatekate, itie kwenye maji ya moto dakika chache, mwaga, rudia. Maji ya moto yanapunguza uchungu na yanaua vimeng'enya ambavyo vingeigeuza rangi kuwa kahawia. Kamua, kausha, twanga iwe chengachenga, isiwe vumbi. Baada ya hapo loweka kwenye juisi, chuja, kausha tena.

Utaniuliza habari za karakara, maana ganda lake nalo ni nene na lina pektini. Nisingeanza nalo. Jamii ya karakara ina vitu vinavyoweza kutoa sianidi, hasa kwenye tunda bichi na ganda lake, mambo ya muhogo mchungu hayo. Yuko anayejua kuliandaa, lakini si kazi ya kuanza nayo jikoni na kuuzia watu.

Nasema hivi nikijua kwamba kazi hii yote ya chungwa ni mzunguko mrefu, na ganda la zambarau limekaa pale linakutazama. Lina pektini yake, lina selulosi, lina tanini, lina rangi. Ukilisuuza mara moja kwa maji ya ndimu kuondoa sukari iliyobaki, ukalikausha, ukalisaga, umemaliza. Chungwa lina maana kwa rozela, kwa kuwa ile unaichemsha na kuchuja maji yake, au ukiwa na juisi ya kuharibika ambayo usingependa kuimwaga. Kwa zambarau, anza na ganda.

Kukausha sasa. Juu ya paa hapana. Jua linakausha upesi, kweli, lakini mwanga wake unaila rangi. Anika kanga nyeusi mwezi mmoja juani uone. Anthosianini ni dhaifu kuliko rangi ya kanga. Kausha kivulini penye upepo, kwenye ungo au wavu, utandaze wembamba, ufunike kwa shashi nzi wasikae. Kaskazi inapovuma, Disemba mpaka Machi, kazi hii inawezekana. Ikifika masika usijidanganye: hewa yenyewe imelowa, ganda litakaa siku tatu halijakauka, na kuvu haingoji siku tatu. Wakati huo tafuta kikaushio cha umeme, hata cha kushirikiana wanawake watano, na uweke joto baina ya nyuzi 40 na 50. Ganda likikauka linavunjika kwa mlio. Likikunjika bila kuvunjika, bado.

Kuhusu kuvu sisemi kwa utani. Chicha hasa. Ina mafuta, ina protini kidogo, inatoka kwenye tui ikiwa imelowa, na kuvu wa aina ya Aspergillus, wale watoao aflatoksini, wanaipenda nazi inayokauka polepole. Ile ladha ya sabuni unayoipata kwenye nazi ya zamani inatoka kwenye asidi ya lauriki iliyoachana na mafuta yake kwa ajili ya unyevu na vijidudu. Ukiisikia, tupa. Usiwape kuku. Chicha freshi wape, wanakula vizuri na mayai utayaona.

Tuje kwenye visheti. Ulipanga kutia unga wa zambarau kwenye unga wa ngano, na pengine bekingi pauda, ambayo ndani yake mna bikaboneti, ukakanda, ukatumbukiza kwenye mafuta ya moto. Kabla hujafanya hivyo, tia juisi ya zambarau kidogo kwenye kisahani na uinyunyizie chembe za bikaboneti. Itageuka samawati, kisha kijani cha ajabu. Kamulia ndimu upesi, itarudi nyekundu. Uiache dakika kadhaa kabla ya ndimu, hairudi yote, maana imekwisha kuvunjika. Ndicho kitakachotokea ndani ya donge lako, na juu yake joto la mafuta. Jirani yangu mmoja aliwahi kutengeneza biskuti za rozela kwa ajili ya Idi, bila kuniuliza. Zilitoka na rangi ya simenti. Zilikuwa tamu, lakini watoto walizikimbia.

Anthosianini inataka mahali pachachu, pakavu, pasipo moto. Na hapo, dada, mji wetu umekwisha kujibu: mabuyu.

Fikiria ubuyu ulivyo. Ule unga mweupe unaoshikana na mbegu ndani ya kibuyu umekauka wenyewe juu ya mti, hakuna aliyeuanika. Una nyuzinyuzi nyingi, pektini ikiwamo, una vitamini C, na uchachu wake kwenye kipimo cha pH uko baina ya 3 na 4. Jumuiya ya Ulaya iliuruhusu kuuzwa huko mwaka 2008 kama chakula kipya, jambo lililowachekesha wazee wengi wa Pwani. Mabuyu yetu ya Mombasa tunayachemshia shira ya sukari, tunatia iliki na pilipili, na rangi nyekundu ya dukani inayobaki kwenye ulimi wa mtoto mpaka jioni. Toa rangi ya dukani. Tia ganda la zambarau. Hapo una hamali wa pektini, una uchachu, una ukavu, na una mteja ambaye tayari anataka kitu chekundu.

Namna ya kufanya: pika shira yako kama kawaida, nzito, uepue. Tumbukiza mabuyu, yageuze mpaka shira iyashike. Yakianza kupoa na bado yana unyevu, nyunyizia unga wa ganda la zambarau uliochanganywa na unga kidogo wa ubuyu, ugeuze tena. Rangi haitakuwa ile nyekundu ya taa za barabarani, itakuwa ya damu ya mzee, na mwambie mnunuzi mapema kwamba ndivyo ilivyo. Kipo kikwazo kimoja: vitamini C na anthosianini zikiwa pamoja kwenye unyevu na hewa huharibiana, kila moja inamchosha mwenziwe. Kwa hiyo yakaushe sawasawa, yafunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, na usiyaweke dirishani kwenye chupa ya kioo kama tulivyozoea, hata kama yanapendeza. Tengeneza ya wiki mbili tatu, si ya miezi.

Mahali pengine panapofaa ni maziwa ya mtindi, na ile barafu ya ukwaju ya mfukoni. Unga kijiko kidogo, unakoroga wakati wa kula. Ukikoroga asubuhi ukauza jioni, nyuzinyuzi zitatuama chini na wateja watakuuliza uchafu huu ni nini.

Uji wa watoto ndio ninaokukataza kabisa, na hapa nitakuwa mkali. Tanini zilezile tunazozisifu hushikana na madini ya chuma yatokayo kwenye nafaka na mboga, zikayazuia yasiingie mwilini. Mtu mzima anayekula samaki na nyama hatadhurika kwa kijiko cha unga wa zambarau. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye tegemeo lake la chuma ni huo uji, au mjamzito ambaye kliniki wamemwambia damu imepungua, unamchukulia kidogo alicho nacho. Tumbo la mtoto nalo ni dogo, ukilijaza nyuzinyuzi anashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha. Hata chai ya rangi pamoja na chakula chao nawakataza kwa sababu hiyohiyo. Kama unataka kuwasaidia watoto, watilie tunda bichi pembeni, embe au papai, vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua chuma.

Sasa pakiti. Najua habari za kokwa ya zambarau kusagwa na kunywewa na wenye sukari. Bibi zetu wamefanya hivyo, na Bara Hindi wamefanya hivyo kabla yao. Kokwa si ganda, na wala kokwa yenyewe haijawa dawa ya kumtoa mtu kwenye vidonge vyake. Sheria ya chakula ya Kenya, Sura ya 254, inakataza kumuuzia mtu chakula kwa lebo ya uongo au ya kumpotosha. Lakini hata sheria isingekuwepo, fikiria mteja wako mmoja tu, mzee anayevuka feri kila siku, amesoma "husaidia wenye sukari" juu ya mfuko wa mabuyu yaliyochovywa kwenye shira. Atakula mfuko mzima kwa nia njema.

Japani ndiyo iliyotangulia, mwaka 1991, kuweka utaratibu wa serikali wa vyakula vinavyoruhusiwa kutaja faida ya afya kwenye lebo. Anayetaka ruhusa hiyo huleta ushahidi kuhusu bidhaa yenyewe, kama inavyouzwa, na si kuhusu tunda kwa jumla. Wewe huna ushahidi wa mabuyu yako, na kuupata ni kazi ya miaka. Huuhitaji. Ukipanuka ukataka kuingia madukani utaenda KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa alama ya ubora, na watakaloangalia ni usafi, unyevu, na kama kilichoandikwa ndicho kilichomo.

Kwa hiyo pakiti yako iandike hivi: "Mabuyu ya zambarau. Viungo: mabuyu, sukari, ganda la zambarau, iliki, pilipili. Rangi ni ya tunda, inaweza kupauka. Weka pakavu, mbali na jua." Na chini yake tarehe uliyoyatengeneza.